Mtoto ametanguliza matako: maswali ya wajawazito Dodoma

Nina mimba ya wiki 30. Nesi kanipima tumbo, anasema mtoto kakaa vibaya. Niogope?

Bado mapema. Kichwa kiko juu karibu na mbavu zako, matako au miguu ndiyo imeelekea njia ya uzazi. Wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano hulala hivyo. Mimba ikitimia hubaki 3 au 4 tu kati ya 100, maana wengi hujigeuza wenyewe. Hudhurio la kukazania ni la wiki ya 36: usiondoke kliniki bila kuambiwa mlalo ukoje. Mkunga akiwa na mashaka, omba ultrasaundi.

Mama mkwe anasema ni kwa sababu napenda kukaa mlangoni.

Mheshimu, ila mlango hauhusiki. Mapacha, maji ya uzazi mengi au machache mno, kondo la nyuma kukaa chini, uvimbe kwenye mji wa mimba: hayo ndiyo huchangia. Mara nyingi sababu haionekani kabisa.

Kuna bibi kijijini anajua kukanda tumbo ili mtoto ageuke.

Usikubali. Kondo linaweza kubanduka ukavuja damu ndani kwa ndani. Daktari naye hugeuza kwa mikono, lakini ni hospitalini, kuanzia wiki ya 36 au 37, baada ya ultrasaundi, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa na chumba cha upasuaji kikiwa jirani. Hufaulu kwa karibu nusu ya akina mama. Wenye mapacha au kondo lililokaa chini hawafanyiwi. Si kila hospitali ina mtaalamu wa kazi hiyo, kwa hiyo uliza mapema.

Lazima nipasuliwe?

Mara nyingi daktari atashauri hivyo. Matako yakitangulia, wapo wanaojifungua kwa njia ya kawaida mikononi mwa mtaalamu mzoefu. Mguu ukitangulia hatari huzidi: chupa ikipasuka, kamba ya kitovu inaweza kuteleza mbele ya mtoto ikabanwa, akakosa hewa. Kisha kichwa, ambacho ni kikubwa, hutoka mwisho, na kikinasa dakika ni chache. Ndiyo maana zahanati si mahali pa kuzalia mtoto huyu.

Naishi Bahi, ndani ndani. Nifanyeje?

Usingoje uchungu. Kuanzia wiki ya 38, au mapema zaidi ukishauriwa, sogea karibu na hospitali yenye upasuaji: kwa ndugu mjini, au kwenye chigonela, yaani nyumba ya kusubiria kujifungua, kama ipo. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishika, makorongo hujaa na bodaboda haipiti.

Chupa ikipasuka, ondoka saa hiyo hiyo hata kama huna uchungu. Ukihisi kitovu kimetokeza ukeni, usikirudishe. Piga magoti, kifua chini, matako juu, wakati gari linatafutwa. Ndani ya gari lala kwa ubavu, nyonga zimeinuliwa kwa kanga zilizokunjwa.

Akishazaliwa salama, basi?

Omba achunguzwe nyonga. Watoto hawa huongoza kwa nyonga zisizokaa sawasawa, na zikigundulika mapema hutibika kirahisi.