Kazi Ilale Ilipoachwa: Karakana Yangu ya Rau

Hii ni wiki ya tatu nafanya kazi ndani ya chumba kisicholala gari. Kiko nyuma ya nyumba yetu hapa Rau, Moshi, mita 6.5 kwa 4.5, kuta za tofali za bloku na paa la bati. Kabla ya hapo, kwa miaka tisa, nilikuwa seremala wa banda la gari. Asubuhi mume wangu akitoa gari kwenda kazini, mimi naingiza meza na mashine. Saa kumi na mbili jioni nasikia honi getini, naanza kutoa.

Wanaonitembelea wanafikiri nilichokipata ni nafasi. Nafasi imeongezeka kidogo tu. Nilichokipata ni kwamba sasa kazi inalala pale ilipoachwa, na kwa seremala jambo hilo lina uzito kuliko mashine yoyote mpya. Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu ambao bado wanagombea banda na gari, mahindi na baiskeli za watoto. Siku ukipata nafasi yako, ujue pesa ya kwanza iende wapi.

Nianze na hasara za kuhamahama, maana mwenyewe nilichelewa sana kuzipigia hesabu. Kutoa vitu na kuvipanga ilinichukua dakika arobaini asubuhi, na kuvirudisha dakika arobaini jioni. Kwa siku sita hizo ni saa nane. Kila wiki nilikuwa napoteza siku nzima ya kazi nikisukuma vyuma.

Muda ulikuwa nusu tu ya hasara. Sakafu ya banda la gari huwa inamwagwa na mwinamo kuelekea mlangoni ili maji yatoke, kwa hiyo mashine ikisogea hata hatua moja, miguu yake inakanyaga mahali pengine na meza yake inajipinda kidogo. Ubao wa kuongozea mbao nao unahama. Kila asubuhi nilipaswa kupima skwea, yaani pembe mraba, upya, na siku ambayo mteja ananisubiri getini nilikuwa naruka hatua hiyo. Tofauti ya nusu milimita kwenye kona moja ya fremu huioni. Kona ya nne ndipo mlango unapokataa kufunga.

Halafu gundi. Gundi nyeupe ya mbao ukiibana vizuri, baada ya saa moja unaweza kufungua klempu, lakini nguvu yake kamili inataka kama saa 24, na katika muda huo kiungo hakitakiwi kubeba mzigo wala kupindishwa. Mwaka mmoja wakati wa masika nilikuwa nimebana uso wa meza ya mkangazi. Mvua ilikuwa kubwa, mume wangu akarudi mapema, na gari lina haki yake ndani ya banda lake. Nilifungua klempu baada ya dakika ishirini, tukaubeba ule ubao watu wawili hadi barazani. Ulionekana mzima. Baada ya wiki chache mteja akanipigia: mstari umefunguka katikati ya meza, kidole cha mtoto kinaingia. Niliirudia kazi ile bila malipo, na iliniuma kwa sababu nilijua kanuni na nikaivunja.

Desemba ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote. Anayeishi Kilimanjaro anajua: watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kila mahali. Kila familia inataka kitanda cha ziada, meza ndefu, mlango wa chumba cha wageni, na vyote vikamilike kabla ya Krismasi. Huo ndio mwezi wa oda nyingi kuliko wote. Na huo ndio mwezi ambao shemeji zangu wanafika na magari, na mama mkwe anateremsha magunia ya mahindi yanayotaka pahali pakavu. "Mwanangu, unga wa mbao unaingia kwenye mahindi," aliniambia safari moja, kwa upole kabisa, na alikuwa sahihi. Nilifunga kazi tarehe 15 na kurudisha malipo ya awali ya wateja watatu. Usiku ule tulikaa mimi na mume wangu tukakubaliana kuanza kujenga.

Nilichora mwenyewe, na nilianza na jua. Maelezo mengi ya karakana yaliyoandikwa na watu wa Ulaya yanashauri madirisha yawekwe kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo na mwanga wake ni mtulivu siku nzima. Ukiyafuata hapa utajidanganya. Moshi iko karibu digrii 3 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini kwetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hakuna upande usio na jua mwaka mzima. Suluhisho letu ni kulaza jengo mashariki kwenda magharibi, madirisha yawe kwenye kuta ndefu za kaskazini na kusini, na paa litokeze. Paa langu limetokeza sentimita 90. Mwezi wa Juni, jua linapokuwa limeelekea kaskazini kabisa, saa sita mchana kivuli cha paa kinashuka ukutani kama mita 1.8, yaani dirisha lote liko kivulini huku mwanga wa anga ukiingia. Ukuta wa magharibi sikuuwekea dirisha hata moja. Jua la saa kumi alasiri linapofika kwenye mbao zilizopigwa randa upande mmoja tu, linazikunja kabla hujamaliza chai.

Meza yangu ya kazi iko chini ya dirisha la kaskazini. Asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda, nikiinua kichwa namwona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Sikupanga hivyo, lakini nashukuru kila siku.

Sakafu niliipigania. Fundi ujenzi alitaka kumwaga jamvi la zege kama la chumba cha kawaida. Lakini Rau ni eneo lenye unyevu. Msitu wetu wa hifadhi umesimama kwa sababu ya maji yaliyo karibu chini ya ardhi, na zege peke yake haliyazuii. Linayanyonya kama kitambaa na kuyatoa ndani ya chumba. Tukatandika nailoni nzito chini ya jamvi, ikapandishwa pembeni hadi ukutani. Juu tukapiga pimamaji kila pembe, bila mwinamo. Mashine ya kupasulia nimeikaza chini kwa boliti. Skwea niliyoiweka siku ya kwanza nimeipima tena leo asubuhi na haijasogea.

Kuhusu ukubwa, pima kwa ubao na siyo kwa ramani. Mbao zetu nyingi ni futi 12, kama mita 3.66. Ubao huo ukiupasua, unahitaji urefu wake wote kabla ya msumeno na urefu wake wote baada ya msumeno, jumla zaidi ya mita 7.3. Chumba changu ni mita 6.5, na pesa ya kuongeza msingi haikuwepo. Nikauelekeza msumeno kwenye mlango wa mbele ya jengo, upande wa mashariki, wenye upana wa mita 1.8. Ubao mrefu unatokea nje, nafungua mlango tu. Karibu nilisahau kitu kimoja: uwanja ulio mbele ya mlango lazima uwe chini ya usawa wa meza ya mashine, la sivyo ncha ya ubao inagonga udongo na kuinuka kwenye msumeno. Hilo ni hatari ya kweli.

Sasa umeme. Hapa ndipo naona wenzangu wengi wakiunguza mota na kulaumu mashine. Mota ya nguvu-farasi 2 ni kama kilowati 1.5. Kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 10 ikiwa kazini, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara tano au zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Mimi kule bandani nilikuwa natumia ekstensheni ya mita 30, waya wa 1.5, yaani unene wa milimita za mraba 1.5. Piga hesabu: shaba ya unene huo, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa karibu omu 0.7. Mota ikivuta ampea 50 kuwaka, volti 35 zinapotelea njiani. Mota inapata 195, inaguna, inachelewa kufikia mwendo wake, na muda wote huo inajichemsha. Ukiacha ekstensheni imeviringishwa kwenye kibiringi chake, hata waya unachemka. Kwenye karakana nimevuta waya wa 6 kutoka kwenye mita ya umeme. Kwa umbali ule ule, zinapotea kama volti 9. Mashine ile ile niliyoidhani imezeeka sasa inawaka kwa sauti moja tu.

Ndani kuna kibweta chake chenye sakiti breka za kujitegemea: mashine peke yake, taa peke yake. Msumeno ukikata breka usiku, usibaki gizani na chuma kinachozunguka mbele yako. Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, imepimwa na fundi umeme mwenye leseni, na swichi kuu iko karibu na mlango ambapo hata mtoto akiingia anaonyeshwa kwanza.

Vumbi ndilo nililolichukulia kimzaha miaka mingi, na sitaki nawe ulichukulie hivyo. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) uliliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Linaloumiza zaidi ni lile laini la msasa, usiloliona likielea. Mvule una sifa ya kukera kifua na ngozi, na mimi ukinipata mwili unawasha jioni nzima. Kule bandani mlango wa ndani ulifungukia jikoni, kwa hiyo lililokuwa langu lilikuwa pia la watoto. Sasa nina feni ya kutolea hewa juu kwenye ukuta wa magharibi, mlango wa mashariki unaingiza hewa safi, na nasimama kati yao upepo ukinipitia kwenda kule. Barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, navaa hata kama feni inazunguka. Sakafu nanyunyizia maji kidogo kabla ya kufagia.

Maranda nawapa majirani wanaofuga kuku. Ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa simpi mtu, wala siruhusu yaende jikoni kuwa kuni, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moto hauiondoi.

Zana za mkono nimezitundika ukutani: randa, patasi, tupa, misumeno. Hapo sina cha kufundisha, kila fundi ana mpangilio wake. Meza ya kazi tu ndiyo nasisitiza: simama wima, mikono ikining'inia, urefu wa meza uishie kwenye kifundo cha mkono. Meza ndefu kuliko hapo inakunyima uzito wa mwili unapopiga randa, na mgongo utakudai.

Nimebakisha kitu ninachokipenda kuliko vyote, rafu ya mbao. Bandani sikuwahi kuwa na akiba. Nilinunua asubuhi, nikapasua mchana, nikamkabidhi mteja samani ambayo ilikuwa bado inakauka sebuleni kwake. Mbao inaponywea upana wake inavuta viungo, ikinyonya unyevu wa masika inavimba, na droo inayoteleza Februari inagoma Aprili. Kuzikausha kwa hewa kunataka, kwa kipimo cha mafundi, karibu mwaka kwa kila inchi ya unene kwa mbao ngumu. Mtu anayehamisha kila kitu jioni hawezi kusubiri mwaka.

Sasa nimepanga mbao kwenye ukuta wa kusini, kati ya kila ubao na mwenzake vijiti vya unene mmoja, vimepangwa wima mstari mmoja kutoka chini hadi juu ili uzito ushuke sawasawa. Ncha nimezipaka rangi, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha na hapo ndipo mipasuko inapoanzia. Kipimo cha unyevu cha umeme sina, natumia mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime, kiweke kwenye oveni ya joto la nyuzi 100 na kidogo, ukipime tena na tena hadi uzito usishuke. Kikianza na gramu 130 na kuishia 112, kimepoteza 18; gawa kwa 112, unyevu ni asilimia 16. Kwa samani ya ndani bado ni mbichi kwangu. Nasubiri ifike 12 au karibu yake.

Nilionao ni mgrivea wa inchi moja na nusu, miti iliyokuwa ikitoa kivuli kwenye kahawa ya mama mkwe kule kihambani Kibosho. Nimeuandikia kila ubao kwa chaki tarehe ulioingia. Kipande cha kwanza nilichokikata kimesoma asilimia 31. Masika yakiisha nakata cha pili.