Mbaazi, mtama na madini yasiyofika kwenye damu

Nakula mbaazi na ufuta kila wiki. Mbona kliniki bado wananiambia damu ni ndogo?

Chuma, madini yanayotengeneza damu, kuwamo kwenye chakula ni jambo moja, kuingia mwilini ni jingine. Mbegu huhifadhi madini yake ya fosforasi katika umbo liitwalo fitati; kwenye nafaka na jamii ya kunde, takriban theluthi mbili ya fosforasi yote imo humo. Fitati hiyo hung'ang'ania chuma na zinki pia, na utumbo wetu una uwezo mdogo sana wa kuivunja. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho fitesi, kinachotengenezwa na bakteria, hamira na kuvu, na hata na mbegu yenyewe ikianza kuota.

Damu hupungua kwa sababu nyingine pia, malaria na minyoo zikiwamo. Vidonge ulivyopewa kliniki usiviache.

Jikoni nifanye nini?

Fanya kabla ya moto. Loweka mbaazi, choroko au mtama usiku kucha, umwage yale maji. Kuchemsha pekee hakusaidii sana: moto huua kimeng'enya, fitati ikabaki. Wapika togwa walilijua hili bila maabara. Uji hupikwa kwanza, ukishapoa ndipo hutiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, na vimeng'enya vyake vinabaki hai. Bakteria wakichachusha, ile asidi huvipa vimeng'enya mazingira mazuri ya kazi.

Ufuta wa kukaanga unanukia vizuri, lakini kwa fitati haubadilishi mengi. Kamulia ndimu kwenye mboga au kula embe na mlo, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya rangi isubiri saa moja hivi baada ya chakula.

Basi niache dona, nile sembe?

Hapana. Ukikoboa unapunguza fitati, ila madini nayo yanaondoka na pumba.

Na kuku wangu?

Kuku na nguruwe wana shida kama yetu. Ng'ombe na mbuzi wana vijidudu tumboni vinavyoivunja fitati. Kwa kuku, fosforasi ya pumba huishia kwenye kinyesi, na vifaranga wakiikosa mifupa hulegea. Ndiyo maana viwanda vya chakula cha mifugo huchanganya fitesi ya kuvu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Ukinunua, itunze pakavu pasipo joto; kwa jua la Mtwara, stoo ya bati si mahali pake.

Shambani je?

Kwenye udongo wenye tindikali, chuma na alumini huishika fosforasi. Bakteria kama Bacillus na Pseudomonas huilegeza kwa asidi na vimeng'enya, na wanahitaji samadi na mabaki ya mazao ili waishi, kwa hiyo kuchoma majani shambani ni kuwanyima chakula. Mbaazi zina ufundi wao: mizizi hutoa asidi inayoachanisha fosforasi na chuma. Lakini kama fosforasi haimo kabisa kwenye mchanga wako, vijidudu havitaiumba. Pima udongo kwanza. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapo hapo Mtwara, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Upungufu ukithibitika, mbolea ya fosfeti ya Minjingu ni mojawapo ya zinazofaa kwa udongo wa tindikali.

Mgonjwa wa figo naye aloweke na kuchachusha?

Aulize daktari wake kwanza. Kwake, fosforasi nyingi kwenye damu ndiyo hatari, na vyakula hivi vikichachushwa huiachia zaidi.