Kamati ya shule si ya michango tu

Tangu zamani wazazi wengi Tanzania huamini kuwa kamati ya shule ya msingi kazi yake ni kuchangisha. Ikiitisha kikao, mtu anapapasa mfuko. Na elimu bila malipo ilipoanza 2016, wapo walioona kamati haina kazi tena.

Sivyo. Kamati, ambayo mwalimu mkuu ni katibu wake, hupanga na kusimamia matumizi ya fedha za ruzuku zinazoingia shuleni, na mzazi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi. (Ni wachache wanaouliza.)

Kazi isiyoonekana ni ya mahudhurio. Mtoto haachi shule kwa siku moja: huanza kukosa siku za mnada, kisha msimu wa kuvuna, kisha jina linabaki kwenye daftari tu. Mwalimu aliyehamia juzi hajui nyumbani kwao. Mjumbe wa kamati ni jirani yao. Anakwenda, anaongea na mama, na ikishindikana suala linafika kwa mtendaji wa kijiji. Chakula cha mchana nacho bado ni jukumu la wazazi, na makubaliano ya debe la mahindi hufanyika hapo hapo kwenye kamati.