India ya kale: Waarya, matabaka na majuto ya Ashoka

Hadithi iliyozoeleka ni hii: Waarya waliingia India na magari ya farasi, wakateketeza miji ya bonde la Indus, wakawagawa wenyeji matabaka manne, basi. Inanoga, ila haipatani na kilichofukuliwa.

Miaka ya 1940, mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alidai kwamba mifupa iliyokutwa Mohenjo-daro, mmoja wa miji hiyo, ni ya watu waliochinjwa na wavamizi. Ilipochunguzwa upya, ikabainika hawakufa wote wakati mmoja, wala udongo haukuonyesha mji uliochomwa. Miji ile ilianza kuhamwa taratibu mnamo 1900 K.K., mvua zilipopungua na mito ikabadilika. Hata hivyo, wanaokana kwamba kuna watu waliohamia nao wanakosea. Wasemaji wa lugha iliyozaa Kisanskriti, ndio hao Waarya, walifika kutoka nyika za Asia ya Kati, makundi kwa makundi, kati ya 2000 na 1500 K.K. hivi, lugha na vinasaba vinashuhudia. "Arya" kwao ilikuwa sawa na kusema muungwana. Maana ya mbari, yaani aina ya watu kwa damu, ilipachikwa na Wazungu wa karne ya 19.

Kwenye matabaka ndiko watu hupotea zaidi. Yale manne, Brahmin (makuhani), Kshatriya (watawala na wapiganaji), Vaishya (wakulima na wafanyabiashara) na Shudra (watumishi), yamo katika wimbo mmoja wa Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo za ibada, na huo ni mpango wa makuhani. Katika maisha ya kila siku, mtu alijulikana kwa jati yake, yaani jamaa anaooana nao na mara nyingi kushirikiana nao kazi, na jati ni maelfu. Moja tunaitaja pwani bila kujua: neno letu Baniani lilianzia kwa wafanyabiashara wa Gujarat. Tena mpango ule ungefuatwa, watawala wangekuwa Kshatriya watupu. Mbona mfalme Mahapadma Nanda, kwa mujibu wa Purana, vitabu vya kale vya Kihindu, alizaliwa na mwanamke wa Shudra? Na aliyemuua mfalme wa mwisho wa ukoo wa Maurya mnamo 185 K.K. akakalia kiti chake, Pushyamitra, anatajwa kuwa Brahmin. Vinasaba navyo vinaonyesha watu walichanganyika kwa wingi hadi miaka 1,900 hivi iliyopita, ndipo kuoana ndani kwa ndani kukakazwa.

Na Ashoka, mfalme wa Maurya wa karne ya 3 K.K., eti aliona damu ya Kalinga, nchi ya mashariki mwa India aliyoiteka, akatupa upanga? Majuto aliyatangaza mwenyewe: amri yake ya 13, iliyochongwa miambani, inataja watu 100,000 waliouawa na 150,000 waliohamishwa. Lakini Kalinga hakuiachia. Adhabu ya kifo hakuifuta. Waliohukumiwa aliwaongezea siku 3 tu. Katika amri hiyohiyo ya toba anawaonya watu wa misituni kwamba uwezo wa kuwaadhibu bado anao. Na kule Dhauli, ndani ya Kalinga yenyewe, amri ya 13 haikuchongwa.