Je, wajua kwa nini mwalimu mkuu hukunja uso mzazi akianza kuulizia mambo ya shule?

Sio kwa sababu amekula hela. Naanza na hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa miaka, nikawahi hata kusimama kwenye kikao cha wazazi nikauliza mbele ya watu wote ruzuku ya serikali inaenda wapi, mwalimu akajibu maneno mawili matatu akafunga kikao, na mimi nikarudi nyumbani nina uhakika kabisa nimemkamata. Sikumkamata. Nilikuwa sijapiga hesabu.

Hesabu yenyewe hii hapa, na naongelea shule za msingi za serikali Tanzania, maana za binafsi zina mambo yake. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, awali mpaka kidato cha nne, na ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi ikapangwa sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Wengi tunaishia hapo, tunazidisha na idadi ya watoto, tunaona mamilioni. Kumbe katika hiyo 10,000, sh 4,000 ni ya vitabu na haipiti shuleni, inayoingia akaunti ya shule ni 6,000. Sasa chukua shule ya watoto 500, hiyo ni milioni 3 kwa mwaka, sawa na laki mbili na nusu kwa mwezi, yaani sh 500 kwa kila mtoto mwezi mzima. Humo humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira wa michezo, choo kilichoziba, na nauli ya mwalimu anayeitwa halmashauri kila wiki kupeleka takwimu. Nilipoandika hizo namba kwenye daftari niliona aibu kweli, maana kwa sauti niliyotumia pale kikaoni ungedhani yule mwalimu anaendesha kampuni.

Sisemi hakuna waliotafuna. Wapo, na wapo waliovuliwa madaraka kwa hilo. Ninachosema ni kwamba wizi hauelezi kwa nini hata mwalimu mkuu msafi, anayependa watoto, anakaza uso ukimuuliza swali la kawaida tu.

Kinachoeleza ni hiki. Mfikirie konda wa daladala. Abiria wote wanamwona yeye, nauli wanampa yeye, wakichelewa wanamfokea yeye. Ila nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, gari ni la tajiri, njia imeandikwa kwenye leseni, na jioni hesabu inaenda kwa tajiri, haiendi kwa abiria. Abiria akisema "konda, tupitie njia ya huku kuna foleni", hata kama ana haki, konda hana mamlaka ya kusema ndio, lakini ndiye pekee aliyesimama mlangoni wa kusemwa. Sasa ongeza na hili: abiria mmoja akipiga simu kwa tajiri kulalamika, konda anaweza kukosa kazi kesho, ila abiria 40 wakishuka wamefurahi hakuna atakayempigia tajiri kumsifia. Ukikaa kwenye hiyo nafasi miaka kadhaa utajifunza kitu kimoja tu, kwamba abiria anayeongea ni hatari na abiria mzuri ni aliyekaa kimya.

Mwalimu mkuu yuko hapo hapo. Anateuliwa na kuondolewa na ngazi ya halmashauri, sio na wazazi. Cheo kina posho ya madaraka, ilipoanza kulipwa ilikuwa laki mbili kwa mwezi, na cheo kikienda inaenda nacho. Kwa hiyo mzazi akiuliza kwa upole kabisa "mwalimu, kwani watoto wanakaa chini mpaka lini?", anayesikia hasikii swali, anasikia kitu kinachoweza kufika kwa diwani, kikaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, kikarudi kama barua ya kujieleza. Na madawati hapangi yeye.

Pale ambapo kamba inakaza zaidi ni kwenye uji. Waraka wa elimu namba 3 wa 2016 ulisema wazi kwamba mzazi bado ana wajibu wake, sare, madaftari, na chakula kwa mtoto wa kutwa. Sasa chakula cha pamoja hakipikwi bila watu kukusanya kitu. Lakini Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni kwa ukali uliomfikia kila mwalimu nchi hii, mtoto asirudishwe nyumbani kwa mchango na mwalimu asishike hela ya mchango. Nia ilikuwa njema, kuna watoto walikuwa wanafukuzwa kweli kwa vitu vya ajabu. Ila baada ya hapo wazazi waliokuja wenyewe kusema "tunataka watoto wanywe uji, kila mmoja alete mahindi debe moja" wakamkuta mwalimu anarudi nyuma kama ameona nyoka, maana wazazi 60 wakikubali na 30 wakikataa, jina litakaloandikwa kwenye malalamiko ni lake, sio la hao 60.

Na kamati ya shule je? Ipo kisheria, wazazi tunachagua wajumbe, ina kazi ya kusimamia bajeti na maendeleo ya shule. Lakini katibu wa kamati ni mwalimu mkuu mwenyewe, ndiye anayeandaa ajenda na kuandika muhtasari, na wajumbe wengi hawajawahi kuonyeshwa waraka hata mmoja. Kwa hiyo chombo cha wazazi kinategemea taarifa za mtu yule yule kinachomsimamia, na hili kwa maoni yangu ni kosa la mfumo zaidi ya tabia ya mtu. Hata ubao wa matangazo ambapo mapokezi ya ruzuku yanatakiwa kubandikwa, shule nyingi nilizopita unakuta ratiba ya zamu na kalenda ya mwaka juzi, na mzazi akiuliza tu ubao uko wapi anaonekana mkaguzi.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mwalimu, safari hii ofisini, sio kikaoni. Nikamsalimia, nikamuuliza swali moja, "mwalimu, tukitaka uji, kibali cha kuchangishana kinatoka kwa nani, na sisi wazazi tuandike nini ili jina lisiwe lako peke yako?" Hakujibu kwanza. Alifungua kabati akatoa faili la kijani, ndani kuna barua za kuomba kibali alizoandika yeye mwenyewe, tatu, zote zina mhuri wa kupokelewa, hakuna hata moja iliyojibiwa. Akanivutia kiti, tukaanza kuandika ya nne, juu yake tukaweka jina la kamati na chini nafasi za sahihi za wazazi.