Je, wajua kwa nini gari dogo la fowili, yaani la kuendeshwa na magurudumu yote manne, hushinda kutwa likivuta kwa mawili tu?

Yaweke ubavu kwa ubavu magari mawili madogo ya toleo moja, moja la kuvuta mbele na jingine la fowili. Bodi ni ile ile, injini ile ile, viti vile vile. Nje utaona labda herufi 4WD kwenye mlango wa nyuma, basi. Sasa yaendeshe kwenye lami kavu. Kwa sehemu kubwa ya safari hutajua lipi ni lipi, maana kwa magari mengi ya aina hii kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanafuata tu kama ya mkokoteni. La fowili limebeba tumboni propela shafti (mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma), difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia) na klachi ya kuviunganisha au kuviachanisha, na vyote hivyo vinazunguka bila mzigo wa maana. Kwa nini mtu aunde mtambo wa kuendesha magurudumu manne halafu auache uvute kwa mawili?

Jibu linaanzia kwenye kona. Gari likipinda, kila gurudumu huchora duara lake. Ya upande wa nje husafiri mbali kuliko ya ndani, na hilo difu hulimaliza kwa kuuacha kila upande uzunguke kwa mwendo wake. Ila kuna tofauti ya pili: ya mbele nayo husafiri mbali kuliko ya nyuma. Tazama lori refu likikata kona uone jinsi tairi za nyuma zinavyopita ndani zaidi, karibu kupanda ukingo. Ukizifunga ekseli mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa shafti isiyo na ulegevu wowote, unazilazimisha kuzunguka sawa ilhali hazisafiri sawa. Kwenye tope, tairi moja itateleza kidogo na ugomvi utaisha hapo. Kwenye lami kavu hakuna ya kuteleza. Usukani unakuwa mzito, gari linasita kana kwamba limeshikwa breki, na gia ndizo zinazoumia.

Fiat ilipotoa Panda 4x4 mwaka 1983, ilimwachia dereva kazi hiyo. Kulikuwa na mkono wa kuunganisha ekseli ya nyuma: unauvuta njia ikiteleza, unaurudisha njia ikikauka. Suzuki Jimny hufuata mpango huo huo, ingawa lenyewe likitolewa fowili hubaki likisukumwa na magurudumu ya nyuma. Mpango huu ni imara na rahisi kuutengeneza, lakini unamtaka dereva akumbuke. Na kwenye gari la kila siku, linalobadilishana madereva nyumbani, kuna siku mmoja atasahau.

Ndiyo maana wahandisi wakatafuta kiungo kinachojiamulia. Volkswagen Golf Syncro ya 1986 ilitumia chombo kilichojaa sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Nusu ya sahani zimeshikana na shafti inayotoka mbele, nusu na ekseli ya nyuma. Zikizunguka pamoja, mafuta yametulia. Za mbele zikianza kukimbia peke yake kwa sababu tairi zinateleza, mafuta yanapata joto na kuzishika sahani zile nyingine, na nguvu inapita nyuma. Honda CR-V ya kwanza, ya mwaka 1995, ilikuwa na njia ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote kwa werevu wake: pampu mbili za mafuta, moja ikizungushwa na magurudumu ya mbele, nyingine na ya nyuma. Zikienda sawa, kinachotolewa na moja kinamezwa na nyingine. Ya mbele ikizidi, mafuta yanakosa pa kwenda, shinikizo linapanda na kuibana klachi. Hakuna kompyuta katika uamuzi huo, ni mafuta tu yanayotafuta njia. Mwaka 1998 ikaja klachi ya Haldex kwenye Audi TT na Golf, inayobanwa kwa mafuta lakini kwa amri ya kompyuta, na magari mengi ya leo yanafuata wazo hilo au mfano wake.

Mitambo ya zamani ilingoja kwanza tairi iteleze ndipo iamke. Ya kompyuta haingoji sana: ukikanyaga mafuta kwa nguvu kutoka kusimama, au usukani ukiwa umepindwa, klachi inabanwa mapema. Hata hivyo nguvu inayofika nyuma kwa kawaida haizidi nusu, na mara gari likichanganya mwendo ekseli ya nyuma inaachwa ipumzike tena. Kubana klachi kunakula mafuta na kuchosha vyuma. Gari linajua kwamba kwa saa nyingi za maisha yake halihitaji.

Sasa, zile dakika chache linapohitaji, tofauti yake ni kubwa kiasi gani? Tufanye hesabu ndogo. Chukua gari la kilo 1,200, na tuseme asilimia 60 ya uzito iko mbele, kama ilivyo kwa magari mengi yenye injini mbele. Tairi za mbele zimekandamizwa na kilo 720. Weka gari hilo kwenye udongo uliolowa ambako tairi inashika kwa kiwango cha 0.2 tu, yaani robo au chini ya robo ya inavyoshika lami kavu. La kuvuta mbele linaweza kusukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 144. La fowili linatumia uzito wote, kwa hiyo linapata 240. Gawanya kwa 1,200: la kwanza litapanda mwinuko wa asilimia 12, la pili asilimia 20. Mwinuko wa asilimia 15 basi ni mlima usiopandika kwa moja, na kwa jingine ni njia ya kawaida.

Na hali halisi ni mbaya zaidi kwa la kuvuta mbele, kwa sababu gari likipanda, uzito hurudi nyuma na tairi za mbele zinakuwa nyepesi. Wajaze watu kiti cha nyuma na mizigo kwenye buti, zinapungua tena. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini madereva wa zamani hupanda kilima chenye utelezi kwa rivasi. Si ushirikina. Ukigeuza gari, tairi zinazovuta zinakuwa upande wa chini wa mlima, ndiko uzito unakoelekea. Ni mbinu ya kukusaidia mita 30 za mwisho, kama nyuma kunaonekana na hakuna anayekuja.

Lakini hesabu hiyo inahusu kusukuma peke yake. Haihusu kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, kwa hiyo likishateleza kuelekea mtaroni, zile herufi za 4WD kwenye mlango wa nyuma hazilisaidii. Kwenye kona pia, kinachokushikilia ni mpira wa tairi ukigusa ardhi, na mpira huo ni ule ule kwa magari yote mawili. Hapa kuna hatari ambayo ningetaka kila anayehamia fowili aijue. Gari la kuvuta mbele hukuonya: unaondoka, tairi inazunguka bure, unajua njia leo si nzuri, unapunguza mwendo. La fowili huondoka kimya kama siku zote. Dereva haambiwi chochote mpaka anapohitaji kusimama.

Wala fowili si urefu. Toleo lake mara nyingi limeinuka kiasi kile kile, au limepita kidogo tu. Njia iliyochimbwa na malori ina tuta katikati, na gari dogo likilalia tuta hilo kwa tumbo, magurudumu yote manne yataning'inia yakizunguka kwa bidii sawa na hakuna litakalotokea. Difu za kawaida nazo zina udhaifu wake: gurudumu moja likiwa hewani, mwenzake wa upande wa pili anapata nguvu ndogo ile ile. Kwa hiyo gari likikaa kwenye mashimo mawili ya mshazari, mbele kushoto na nyuma kulia, linaweza kukwama likiwa na fowili yake kamili. Kompyuta husaidia kwa kuligusa breki lile gurudumu linalozunguka bure, ndipo nguvu ihamie kwa lenye mshiko. Kuna pia kitufe cha kufunga, kinachoibana klachi moja kwa moja, na kwenye magari mengi hujiachia mwendo ukipita kilomita 40 hivi kwa saa. Ukilazimisha muda mrefu kwenye mchanga, klachi inapata joto na gari linaitoa kazini ili isiungue, na taa inawaka kwenye dashibodi. Uko katikati ya mchanga, na gari lako limerudi kuwa la kuvuta mbele. Hapo unalizima, unaacha lipoe, na wakati huo unatoa upepo kidogo kwenye tairi.

Tairi ndizo zitakazokubadilishia maisha kuliko mafuta ya injini, na sisikii watu wakiambiwa hili wanaponunua. Kwenye gari la kuvuta mbele, tairi mbili za mbele zikilika, unanunua mbili na maisha yanaendelea. Kwenye fowili, tairi mpya mbele na zilizolika nyuma maana yake ni duara mbili za ukubwa tofauti. Chukua tairi ya kipenyo cha milimita 600. Mpya ina kina cha kashata, yaani mifereji ya tairi, karibu milimita 8. Ikibaki na 3, kipenyo kimepungua kwa milimita 10. Mpya itazunguka kama mara 530 kwa kila kilomita, iliyolika mara 540 hivi. Ni tofauti ya mizunguko 9 kwa kilomita, kwenye njia iliyonyooka, mchana kutwa. Ile klachi inaona mbele na nyuma haziendi sawa, na haina namna ya kujua kwamba sababu ni duka la tairi. Inasuguana na kuchemka bila kupumzika. Kwa hiyo zibadilishe nne pamoja, na kabla ya hapo zizungushe nafasi mara kwa mara ili zilike sawasawa. Tairi ya akiba iliyo nyembamba ni ya kukufikisha kwa fundi tu.

Mengine ni mepesi kuyaeleza. Fowili huongeza uzito, mara nyingi kilo 60 hadi 100, na hunywa mafuta zaidi kidogo, utakayoyahisi zaidi mjini kwenye kusimama na kuondoka. Sivi jointi, yaani viungo vinavyopinda kwenye shafti za magurudumu, zinatoka nne hadi nane pale ekseli ya nyuma inapokuwa na shafti zake za kujitegemea, na kila moja ina buti la mpira linaloweza kuchanika. Kuna beringi ya kati ya propela, kuna mafuta ya transfa (sanduku la gia linalopeleka nguvu kwenye propela) na ya difu ya nyuma. Transfa hubeba mafuta kidogo, mara nyingi chini ya lita moja, kwa hiyo tone linalovuja kwa miezi ni hasara kubwa. Difu ya zile CR-V za pampu mbili mafuta yake yakichakaa huanza kunguruma kwenye kona kali, na mara nyingi kubadilisha mafuta ya aina sahihi hutosha kuinyamazisha. Buti la mizigo linaweza kupungua kina kwa sababu ya difu iliyo chini yake. Na likiharibika njiani, usikubali livutwe huku ekseli moja imenyanyuliwa na nyingine ikizunguka barabarani. Lipandishwe lote juu ya gari la kubebea.

Mimi ningemshauri mtu aulize swali moja: ni siku ngapi kwa mwaka njia yangu ina mwinuko unaoteleza ambao siwezi kuusubiri ukauke? Kama nyumba iko juu ya kilima cha udongo, fowili ni haki yake na asisikilize anayesema ni anasa. Kama ni tambarare yenye lami na vumbi, ningechukua la kuvuta mbele na kuweka fedha iliyobaki kwenye tairi nne nzuri zenye kashata za kutosha. Gari la kuvuta mbele lenye tairi nzuri litasimama na kupinda vizuri kuliko fowili yenye vipara, na mara nyingi hata kupanda litapanda.

Lipo pia jibu jipya linaloondoa propela kabisa. Toyota Estima Hybrid ya mwaka 2001 iliweka mota ya umeme nyuma ya kuzungusha magurudumu yale, bila chuma chochote kuyaunganisha na injini. Siku hizi mpango huo uko hata kwenye magari madogo. Mota yenyewe kwa kawaida ni ndogo, ya kukuondoa na kukupandisha.

Ukienda kulikagua la mkono wa pili, usiziamini herufi za mlangoni, maana mlango hubadilishwa. Inama uangalie chini: utaona propela ikienda nyuma mpaka kwenye difu, au mota yenye nyaya nene. Soma tairi zote nne, jina na saizi, na upime kina cha kashata. Halafu tafuta uwanja mkavu, pinda usukani mpaka mwisho, na uzunguke polepole madirisha yakiwa wazi. Gari lisilo na kasoro litazunguka kwa ulaini. Likirukaruka, likinguruma, au likikusukumia usukani mkononi, huenda klachi ile ya nyuma imeshachoka, au mafuta ya difu yamechakaa.