Je, wajua jani la mkonge linajuaje kutengeneza singa, yaani nyuzi zake?

Ukipita barabara ya Tanga kwenda Korogwe, simama Hale uutazame mkonge uliokwisha kutoa mlingoti. Kule juu, maua yakishapukutika, huota vikonyo: vimiche vya urefu wa kidole, kila kimoja na vijani vyake vyenye mwiba nchani. Hakuna mbegu hapo. Panda kimoja kitaluni, nacho kitakuja kutoa singa zilezile za mama yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida. Vilivyosalimika ni 62 tu, na hivyo ndivyo vilivyoanzisha mkonge wa nchi hii.

Kilichosafiri ndani ya vile 62 ni maandishi. Karibu yote yamo kwenye DNA, uzi mrefu wenye herufi nne, A, T, G na C, unaokaa ndani ya kiini cha seli na hautoki humo. Seli ikitaka kitu hainakili uzi wote. Hunakili jeni inayohitajika tu, yaani kipande cha uzi chenye maelekezo ya kitu hicho, kwenye uzi mfupi uitwao RNA mjumbe, ambamo U hushika nafasi ya T. Mjumbe hutoka kwenye kiini akakutana na ribosomu, kiwanda kidogo cha seli cha kuunda protini, nayo humsoma herufi tatutatu. AUG: anza, weka methionini. UUU: weka fenilalanini. UAA: acha. Methionini na fenilalanini ni asidi amino, matofali ya protini, nazo huungwa moja baada ya nyingine mpaka protini ikamilike.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Singa si protini! Ni selulosi hasa, yaani sukari zilizoungwa mnyororo, na wala hakuna jeni moja ya singa. Zipo jeni za vimeng'enya, vimeng'enya ni protini, na hivyo ndivyo vinavyounga sukari hizo kwenye ukingo wa seli. Seli ya mzizi inazo jeni hizohizo, ila hunakili nyingine.

Mwanasayansi Mwingereza Francis Crick alieleza mwelekeo huu, DNA kwenda RNA hadi protini, mwaka 1957. RNA yaweza kurudishwa kuwa DNA, kama vifanyavyo virusi vya UKIMWI, lakini habari ikishafika kwenye protini hairudi nyuma. Kisu cha mkata mkonge nacho hakiandiki chochote kwenye DNA. Majani yamekatwa Tanga kwa zaidi ya miaka 100, na kikonyo cha leo bado kinachipua na jani zima, mwiba nchani.